Umegonga Gari? Piga Hesabu Kabla ya Kuhama Kampuni ya Bima

Ukikaa kwenye gereji yoyote ya fundi wa bodi, iwe Grogan, Kariobangi au kule Changamwe, hutachukua muda kusikia mwenye gari akisema: "Nikimaliza hii maneno ya ajali, hii bima nahama." Na karibu kila mara kuna mtu pembeni wa kumwambia kwamba anamjua ejenti mzuri, atamfanyia bei poa, na hiyo ajali wala haitajulikana.

Mimi nasema ngoja kwanza. Kuhama si kosa, na kuna wakati ndio uamuzi wa busara. Shida ni kwamba watu huhama kwa hasira, huhama wakati mbaya, na wengine huhama na uongo ndani ya fomu. Huo uongo unaweza kukugharimu gari lote.

Tuanze na pesa. Bima kamili, ile wengi huita komprehensivu, hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Tuseme una Axio ya shilingi 900,000 na kampuni inakutoza 4%. Hiyo ni 36,000 kwa mwaka. Juu yake kuna ushuru mdogo wa mafunzo wa 0.2%, mchango wa hazina ya kufidia wenye bima wa 0.25%, na stempu ya shilingi 40. Ukigonga na ukadai fidia, kampuni inaweza kukupandisha hadi, tuseme, 5% wakati wa kulipia upya. Kila kampuni ina kipimo chake: nyingine itakupandisha, nyingine itakuachia bei ile ile lakini ikuongezee kiasi unachochangia ukigonga tena, na nyingine itasamehe ajali ya kwanza kama umekuwa mteja wao miaka mingi.

Sasa angalia mahali watu wanapochanganyikiwa. Mwaka wa pili gari limeshuka thamani, tuseme ni 800,000. Asilimia 5 ya hiyo ni 40,000. Unatazama ujumbe kwenye simu, unaona 36,000 imekuwa 40,000, unasema, aah, ni elfu nne tu. La hasha. Bila ajali ungelipa 4% ya 800,000, yaani 32,000. Kwa hivyo ajali imekugharimu 8,000 mwaka huo. Ukitazama jumla peke yake, huwezi kujua. Uliza asilimia. Hata wewe ambaye hujawahi kugonga, kama gari limeshuka thamani na bado unalipa pesa zile zile za mwaka jana, basi umepandishiwa bei kimyakimya na hujaambiwa.

Kwa hili nazilaumu kampuni za bima. Barua ya kulipia upya huja na jumla moja kubwa, bila kueleza asilimia ilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Mteja akielezwa kwamba amepandishwa kwa sababu ya ajali ya mwezi Machi, ataelewa. Asipoelezwa, ataenda kwa yule jamaa wa gereji.

Kuna hesabu nyingine ambayo ingefanywa mapema, hata kabla ya kudai. Mkataba wa bima kamili huwa na eksesi, ile sehemu ya hasara unayobeba wewe mwenyewe. Tuseme yako ni 2.5% ya thamani ya gari. Kwa gari la 900,000 hiyo ni 22,500. Umegonga nguzo ukirudi nyuma, bampa na taa zimevunjika, fundi anataka 38,000. Ukidai, kampuni itatoa 15,500 tu. Mwaka ujao ikikuongezea asilimia moja utalipa 8,000 zaidi, na mwaka unaofuata, gari likiwa limeshuka hadi 720,000, utalipa 7,200 zaidi. Jumla 15,200. Umepata faida ya shilingi 300, na umezunguka kituo cha polisi, kwa mkadiriaji na gereji wiki tatu. Hiyo hata mafuta ya kuzunguka haitoshi.

Kama ulinunua ile nyongeza ya kufunika eksesi, hesabu inabadilika, maana hapo kampuni italipa zote 38,000. Nyongeza hiyo mara nyingi huwa bei nafuu, na kwa mtu ambaye gari ndio kazi yake, naona ni heri kuikatia kahawa ya mwezi. Lakini soma masharti. Zipo zinazofanya kazi mara moja tu kwa mwaka.

Ajali kubwa haina mjadala. Gari limeharibika kwa laki tatu, dai. Hiyo ndiyo sababu ulilipa bima. Kuna watu huogopa kudai hata hapo, ati bei itapanda, halafu wanachukua mkopo wa simu kutengeneza gari ambalo lina bima. Hiyo sielewi.

Neno muhimu: kuripoti si kudai. Hata ukiamua kujitengenezea, iarifu kampuni yako kwa maandishi kwamba ajali imetokea, hasa kama kuna mtu mwingine ndani yake. Kisheria aliyeumia ana miaka 3 ya kukushtaki. Yule mwenye bodaboda aliyeinuka, akajipangusa na kusema yuko sawa, anaweza kukutumia barua ya wakili mwaka ujao, na kama kampuni yako haikuwahi kusikia habari hiyo, mkataba wako unaweza kuwa umewapa sababu ya kukukwepa. Mtu akiumia, nenda polisi ndani ya saa 24, uchukue abstrakti. Hapo usielewane na mtu kando ya barabara.

Kwa mikwaruzo ya magari mawili bila mtu kuumia, najua tunavyofanya: tunashuka, tunafokeana kidogo, tunaelewana, mmoja anatuma pesa kwa simu, kila mtu anaenda zake. Sawa. Lakini andikeni hata kwenye karatasi ya daftari kwamba pesa hizo zimemaliza mambo, na nambari za magari yote mawili, kisha kila mmoja atie sahihi na mpige picha. Ule ujumbe wa malipo kwenye simu unaonyesha ulituma pesa. Hauonyeshi ulituma za nini, na mtu anaweza kugeuza akasema hizo zilikuwa za mwanzo tu.

Na kama aliyekugonga ndiye mwenye makosa? Kampuni yako inaweza kukutengenezea kisha imfuate yeye au bima yake irudishiwe pesa. Fuatilia hilo hadi mwisho. Pesa zikirudi, omba kumbukumbu zako zionyeshe hivyo, na ulitaje wazi wakati wa kujadili bei mpya. Dereva aliyegongwa akiwa amesimama kwenye taa nyekundu asitozwe sawa na aliyemgonga. Usiponyamaza, wengi wanarekebisha.

Wenye bima ya thadi pati pekee, hili la bei haliwahusu sana, kwa sababu mnalipa kiasi kisichofuata thamani ya gari. Nyinyi hasara yenu ni nyingine: ukigonga, gari lako unajitengenezea.

Turudi kwenye kuhama. Jambo la kwanza ni wakati. Ukikatiza bima katikati ya mwaka, usitarajie kurudishiwa pesa kwa hesabu ya miezi iliyobaki. Kampuni nyingi hutumia kipimo cha muda mfupi, ambacho kinakupa pungufu, na kama umeshadai mwaka huo, mara nyingi hurudishiwi chochote. Isitoshe, siku hizi vyeti vya bima ni vya kidijitali na vinapitia mfumo mmoja wa DMVIC, kwa hivyo gari likiwa na cheti ambacho bado hakijaisha, kampuni mpya italiona. Ngoja cheti kikaribie kuisha. Anza kutafuta bei mwezi mmoja kabla. Kama gari lina mkopo na jina la benki liko kwenye logbuku, ambia benki mapema.

Dai ambalo halijamalizwa halikuzuii kuhama. Kampuni iliyokuwa na bima yako siku ya ajali ndiyo inayolipa, hata kama leo uko kwingine. Ila ukweli ni kwamba mteja aliyeondoka hana wa kumsukumia mambo, na ukiweza, maliza dai kwanza.

Sasa huo uongo. Fomu ya kampuni mpya itakuuliza kama umepata ajali au umewahi kudai fidia miaka ya karibuni. Ejenti anayetafuta kamisheni atakuambia, "Hapo weka hapana, hawajui." Huenda kweli hawatajua, siku hiyo. Watajua siku utakayodai laki nane, kwa sababu hapo ndipo wanatuma mchunguzi, wanauliza kampuni uliyotoka, na mkadiriaji anaona rangi ya mlango mmoja haifanani na wa pili. Wakigundua, wanaweza kukataa kulipa na kuufuta mkataba. Na kama kulikuwa na mtu aliyeumia, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe: kampuni inaweza kujikuta inamlipa kisha ikakugeukia kudai pesa zake. Kumbuka pia kwamba fidia hiyo ya mtu wa tatu ina kikomo cha shilingi milioni 3; mahakama ikitoa zaidi, hiyo ziada ni yako. Sahihi kwenye fomu ni yako, si ya ejenti. Vivyo hivyo kwa ndugu zetu wanaobeba abiria wa teksi za mtandao huku fomu inasema gari ni la binafsi. Umeokoa elfu kadhaa, lakini unaendesha bila bima na hujui.

Andika ukweli, halafu ujadili. Omba kampuni unayotoka barua ya historia ya madai yako. Ajali moja ndani ya miaka sita inasomeka vizuri ikiwa imeandikwa, na kampuni mpya inaweza kukupa 4.5% pale ya zamani inataka 5%. Hapo sasa hama, hata kesho. Hama pia kama walikuchelewesha miezi bila sababu, au walikulazimisha kwenye gereji iliyorudisha gari na mlango haufungi. Hizo ni sababu nzito kuliko nusu asilimia. Kama una malalamiko, kuna Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA. Wapelekee hata kama umeshaondoka.

Ila usihamie bei ya chini tu. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2011, Resolution mwaka 2022, na wateja wakaachwa na madai mkononi. Hazina ya kufidia wenye bima ipo, lakini kikomo chake ni shilingi 250,000. Kwa gari la 900,000, unajua mwenyewe pengo ni kiasi gani. Kabla ya kulipa, angalia kama jina la kampuni liko kwenye orodha ya IRA ya waliopewa leseni mwaka huu.

Na ukilipa, lipa kwa nambari ya Paybill ya kampuni yenyewe, ukiandika nambari ya usajili wa gari kama akaunti, au akaunti yoyote waliyokupa. Sheria haiiruhusu kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea malipo. Pesa zikienda kwa simu ya ejenti naye akasahau kuziwasilisha hadi Jumatatu, na wewe umegonga Jumapili pale Mombasa Road, utakuwa na ujumbe wa malipo na hauna bima. Subiri cheti kije kwenye simu au barua pepe, kagua nambari ya gari, tarehe ya kuanza na ya kuisha, ndipo uwashe gari.