Kawia ufike: Safari ya mbizi visiwani yataka akiba ya siku

UKIPITA mitaa ya Umoja shule zinapokaribia kufungwa, si ajabu kusikia watu wakizungumzia safari ya baharini. Kina mama wa chama kule Innercore wanachanga, vijana wa chuo wanachanga, na aila iliyozoea kwenda mashambani kila Desemba sasa yataka kuyaona matumbawe na samaki wa rangi kwa macho yake. Kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, ambako zamani kulihesabiwa kuwa mchezo wa watalii na mabwanyenye, kumekuwa ndoto ya mtu wa kawaida.

Hilo ni jema. Lakini, mpenzi msomaji, tuketi kidogo tupige hesabu pamoja kabla hujatoa akiba yako. Safari nyingi za namna hii haziharibiwi na bahari, bali na ndege. Ndege ya kwenda kisiwani huchelewa, hufutwa au huwahishwa. Na katika abiria wote waliomo, mpiga mbizi ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu ambayo wengi hawaijui mpaka wamekwisha kufika ufuoni.

Ndege za visiwani

Tiketi ya Lamu si kama tiketi ya Mombasa. Kwenda Mombasa kuna ndege kadhaa kwa siku. Ukiikosa moja huenda ukapata nyingine, na zikishindikana zote kuna treni na mabasi. Visiwani mambo ni mengine. Anayekwenda Lamu hutua Manda, kisha huvuka kwa mashua. Anayekwenda Pemba hupitia Unguja, akatua Chake Chake. Anayekwenda Mafia, kumwona yule papa mkubwa mpole ambaye wenyeji wa huko humwita potwe na Wakenya wa pwani humwita papa shilingi, hubadilisha ndege Dar es Salaam ndipo akatue Kilindoni.

Ndege za njia hizo ni chache na aghalabu ni ndogo. Ndege ileile yaweza kutoka Nairobi asubuhi, ikatua Diani au Malindi, ikaenda Manda, kisha ikarudi kuchukua wengine. Ikikwama saa mbili katika kituo cha kwanza, kila kituo kinachofuata hulipa deni hilo. Ni kama matatu ya Umoja iliyokwama Jogoo Road: anayeingoja stejini Mutindwa hajui kilichotokea huko, ajualo ni kwamba haijafika.

Isitoshe, viwanja vidogo vingi havina taa za usiku. Jua likizama, ndege haitui. Ndiyo maana kuchelewa saa mbili kwa anayekwenda Mombasa ni kuchelewa saa mbili tu, ilhali kwa anayekwenda kisiwani kwaweza kuwa kulala hadi kesho.

Wala usidhani viwanja vikubwa vimesalimika. Agosti 7, 2013 moto uliteketeza jengo la abiria wanaowasili kutoka ng'ambo katika uwanja wa Jomo Kenyatta, na shughuli zikasimama. Machi 6, 2019 wafanyakazi wa viwanja waligoma. Novemba 2022 waligoma marubani wa Kenya Airways, Agosti 2023 umeme ukakatika uwanjani humo usiku, na Septemba 11, 2024 wafanyakazi wakagoma tena. Kampuni nayo huweza kuanguka, kama Jetlink ilivyositisha safari zake Novemba 2012 na kuwaacha abiria wakishika tiketi mkononi.

Serikali pia huzozana. Agosti 2020 Tanzania iliizuia Kenya Airways kutua huko kwa sababu ya mvutano wa masharti ya korona, na haikuiruhusu tena hadi Septemba. Januari 2024 ikatangaza kuzuia tena ndege za abiria za kampuni hiyo kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ingawa safari hii walisikizana kabla ya siku iliyowekwa. Sasa mfikirie mtu wa Umoja aliyelipia hoteli, mashua na mwalimu wa mbizi kule Mafia, naye amepanga kufika Ijumaa jioni na kuingia majini Jumamosi asubuhi. Ndege moja ikikosekana, ameipoteza nusu ya safari.

Damu yenye mapovu

Hata hivyo, fedha si hoja kubwa kuliko zote. Hoja kubwa ni afya.

Hewa tunayovuta, karibu sehemu nne katika tano ni nitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Ukiwa chini ya maji mita kumi, mkandamizo huwa maradufu ya ule wa juu, na nitrojeni unayovuta kutoka kwenye mtungi huyeyuka kwa wingi katika damu na minofu. Ukipanda polepole na kupumzika, hutoka kidogo kidogo kwa njia ya pumzi. Lakini ukienda haraka mahali ambapo hewa ni nyepesi, hutokea kama yatokeavyo kwenye chupa ya soda inapofunguliwa ghafla: mapovu. Mapovu hayo katika mwili wa binadamu huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na hata kupooza. Tiba yake ni oksijeni, kisha chumba maalumu cha mkandamizo, na vyumba hivyo ni vichache mno katika Afrika Mashariki.

Ndani ya ndege kubwa hewa huwekwa kana kwamba uko juu ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400. Ndege ndogo nyingi hazina kabisa mtambo wa kuongeza mkandamizo huo. Ndiyo sababu mwaka 2002 wataalamu wa shirika la usalama wa wapiga mbizi, DAN, walikubaliana hivi: aliyepiga mbizi moja ya kawaida asipande ndege kabla ya saa 12 kupita, na aliyepiga mbizi kadhaa, au kwa siku kadhaa mfululizo, angoje angalau saa 18. Aliyekwenda kina kilichomlazimu kusimama njiani wakati wa kupanda angoje zaidi. Walimu wengi, kwa tahadhari, husema siku nzima.

Sasa unaona tatizo la mpiga mbizi. Ndege ikichelewa, anaudhika kama abiria wengine. Ndege ikiwahishwa, ndipo penye hatari. Tuseme umepiga mbizi mbili Jumapili, ukatoka majini saa sita mchana. Saa 18 zitatimia Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, na tiketi yako ni ya saa nne. Umejipanga vyema. Mara simu inalia: ndege ya Jumatatu imefutwa, nafasi iliyopo ni ya leo saa kumi jioni. Kazini wanakungoja, watoto wana shule. Utafanya nini?

Jibu ni moja, msomaji. Usipande. Mwajiri aweza kukasirika kisha akapoa. Uti wa mgongo ukiingia mapovu huenda usirudi ulivyokuwa.

Umoja iko mlimani

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vingi vya mbizi, vilivyoandikwa na watu wa nchi za tambarare, havimkumbushi mtu wa Nairobi. Kanuni ile ya saa 18 haihusu ndege pekee. Inahusu kupanda mahali popote palipo juu ya mita 600 hivi. Nasi hapa Umoja twaishi zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na hewa ya ndani ya ndege!

Kwa hivyo yule anayesema, "Ndege imefutwa, haidhuru, nitapanda basi la saa mbili usiku kutoka Mombasa," hajaepuka lolote. Basi likifika Mtito Andei amekwisha kupita mita 600, na alfajiri yuko nyumbani mlimani. Vivyo hivyo kwa treni. Aliyetoka majini mchana huo anapaswa kulala pwani, iwe atarudi kwa mbawa au kwa magurudumu.

Wazazi wasiogope kupita kiasi. Mtoto anayeelea juu ya maji kwa miwani na bomba la kupumulia, bila mtungi, havuti hewa iliyokandamizwa, na kanuni hii haimhusu. Anaweza kuogelea asubuhi na kusafiri jioni. Ni mtungi unaoleta deni la saa.

Tufanyeje basi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Sisi tumezoea kuweka akiba ya fedha. Safari ya kisiwani yataka akiba ya siku. Ukiwa na siku tano, usihesabu siku tano za mbizi. Hesabu tatu. Siku ya kwanza ni ya kufika, na ya mwisho ni ya kukauka. Ndege ikichelewa kwenda, utakula akiba ya mwanzo wala hutapoteza mbizi. Ikiwahishwa kurudi, utakuwa umekwisha kukauka. Piga mbizi zako mapema katika safari, usiziahirishe ukitarajia kesho.

Siku ya kukauka si hasara. Lamu utatembea mji wa kale uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Mafia utavuka hadi Juani uone magofu ya Kua. Wasini utapita juu ya daraja la mbao katikati ya matumbawe yaliyoachwa na bahari, mradi wa kina mama wa hapo. Watoto watajifunza humo kuliko wanavyodhani.

Tena, si lazima uanze na kisiwa cha mbali. Mbuga ya bahari ya Kisite, karibu na Wasini, hufikiwa kwa gari hadi Shimoni na kwa mashua kutoka hapo. Watamu nayo, iliyohifadhiwa tangu mwaka 1968, iko barabarani. Humo saa unazipanga wewe, hazipangwi na rubani. Anayejifunza mbizi kwa mara ya kwanza na aanzie huko, Mafia na Pemba atazikuta zikimngoja.

Kuhusu tiketi, ikague kabla ya siku ya safari. Angalia imeandikwa Wilson au Jomo Kenyatta, maana kutoka Umoja hizo ni njia mbili tofauti kabisa, na foleni ya Outering haina huruma. Angalia uzito wa mizigo: ndege ndogo aghalabu huruhusu kilo 15 tu, na begi liwe laini. Afadhali ukodishe vifaa vizito huko uendako. Ukiwa na ndege mbili, nunua tiketi moja inayoziunganisha ikiwezekana. Ukizinunua mbalimbali, ya kwanza ikichelewa, kampuni ya pili haidaiwi chochote nawe.

Kwa safari za kutoka nchi moja hadi nyingine, fahamu kwamba Kenya na Tanzania zimo katika Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999. Kifungu cha 19 chasema kampuni ya ndege huwajibika kwa hasara iliyoletwa na kuchelewa, isipokuwa ithibitishe kwamba ilichukua kila hatua iliyowezekana. Basi weka risiti za chakula na malazi, uandike barua ya madai. Uliza pia kama bima yako ya safari inalipia mbizi, kwani nyingi hazilipii mpaka uombe.

La mwisho ni kubwa. Ndege ikifutwa, usiparamie chombo chochote cha majini kwa hasira. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 meli ya Spice Islander, iliyosheheni abiria kupita kiasi, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, na mamia ya watu wakaangamia. Waliokuwa humo wengi walikuwa wenyeji, watu waliokuwa wakirudi tu nyumbani. Kwa hao, usafiri usiotegemeka hauharibu likizo. Huamua kama mgonjwa atafika hospitalini na kama mwanafunzi atafika mtihanini. Ukikaa uwanjani Manda au Kilindoni ukilalamika kwamba ndege imechelewa, mtazame aliyeketi karibu nawe. Huenda yeye hana mlima wa kurudia, kisiwa hicho ndicho kwao, na kungoja huko ndiko maisha yake ya kila mwaka.

Nenda basi, msomaji, ukaone maajabu ya bahari yetu. Yaone na wanao. Lakini kabla ya kulipa, chukua kalenda, uhesabu siku zako kutoka mwisho kuja mwanzo: saa ya ndege, toa saa 18, hapo ndipo mbizi yako ya mwisho inapokoma. Kama hesabu haikubali, ongeza siku moja au punguza mbizi moja. Watu wa pwani wamesafiri kwa kungoja pepo za kaskazi na kusi kwa karne nyingi, na usemi wao ni mfupi: kawia ufike.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.