Vidole Mia vya Mtu Mmoja

Wazazi wa Njombe na wa Makambako wametuuliza zaidi ya mara moja juu ya vijana wao waachao simu mbili tatu zikiwaka usiku kucha, zikicheza mchezo zenyewe na mwenyewe kalala. Wauliza: je, hiyo ni elimu au ni hila?

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Kijana huandika amri fupi, nao huziita skripti. Moja yabonyeza kioo mahali pa kidole, ya pili yakusanya zawadi ya kila siku, ya tatu yaingiza namba za siri. Zote zaenda kwa pamoja, tena aghalabu kila fungu kwa jina lake, hata mtu mmoja akaonekana mtandaoni kuwa watu thelathini.

Tuchukue Hamster Kombat, mchezo wa ndani ya Telegram uliotokea mwezi wa Machi, 2024, ukaenea hata kwetu Afrika Mashariki. Mchezaji alibonyeza picha ya mnyama mdogo wa jamii ya panya, akaahidiwa sarafu za kidijitali. Wengi walibonyeza kwa mkono miezi na miezi. Wengine waliweka skripti, hasa za kujipatia zile funguo ambazo ilimpasa mtu azitafute kwa kucheza michezo mingine midogo midogo. Sarafu zilipogawiwa tarehe 26 Septemba, 2024, wenye mchezo walitangaza kwamba watu milioni 131 wamestahili, na milioni 2.3 wamefukuzwa kwa udanganyifu. Hao waliostahili nao, wengi wao walipata senti za kununulia vocha tu, na thamani ya sarafu ikashuka upesi.

Vijana wana hoja yao: wenye mchezo wametajirika kwa matangazo, basi kuwapunja kuna kosa gani? Lakini sarafu zilikuwa fungu moja la kugawana. Kila jina la uongo halikula mali ya tajiri wa mbali. Lilikula sehemu ya kijana aliyekaa stendi ya Makambako akingoja basi la Songea, akibonyeza kwa kidole chake mwenyewe. Mnunuzi wa viazi hapa Njombe aelewa vizuri: gunia lina vikubwa juu na vidogo chini, na aliyepunjwa ni yule asiyefungua. Mtume (S.A.W.) alipopita sokoni aliingiza mkono katika chungu ya nafaka, akakuta maji chini yake, akamkemea muuzaji. Alama za kubonyeza zina juu na chini vilevile.

Hata hivyo hatuungi mkono mzazi avunjaye simu. Upo mchezo uitwao Screeps, uliotolewa mwaka 2016, ambao ndani yake kuandika amri ndiko kucheza. Mchezaji huwaamuru watumishi wadogo wachimbe, wachukue, wajenge na walinde, nao huendelea na kazi hata yeye akiwa shambani. Kila zamu hupewa kipimo chake cha muda wa kompyuta; akiandika ovyo, kipimo chaisha na nusu ya watumishi wasimama kabla hawajafikiwa. Hapo kijana hujifunza kupanga nani atangulie, nani angoje, na kazi ipi haina haja ya kurudiwa kila mara. Huo ni ujuzi wa kweli, nao wafaa hata katika hesabu za majani ya chai ya chama cha ushirika. Skripti ni ileile. Huku yaruhusiwa na kila mchezaji ajua mwenziwe anayo, kule yajifanya mtu.

Basi mzazi amwambie kijana amsomee kanuni za mchezo wake. Tena atazame jambo moja zaidi. Akaunti ya Telegram hufunguliwa kwa namba ya simu, na tangu mwaka 2019 laini zetu husajiliwa kwa alama ya kidole. Akaunti thelathini zimetoka wapi? Tunashuku bibi na shangazi waliombwa kidole pasipo kuelezwa sababu, na laini ikitumika kwa utapeli, jina litakalosomwa ni la bibi. Kila mwenye kitambulisho cha taifa na apige *106# aone laini zilizo kwa jina lake. Asiyoitambua akaifungishe katika duka la kampuni ya simu, na kitambulisho mkononi.