Kabla Uulize Digrii, Uliza Mama Mboga

Wasee, tuongee ukweli. M-Shwari iko tangu 2012, Fuliza tangu 2019. Zote zinaangalia vile unatumia M-Pesa, halafu zinakuambia unaweza kukopa ngapi. Nyuma ya hizo hesabu lazima kuna mtu wa kuamua data iulizwe swali gani. Hiyo ndiyo kazi ya mchambuzi wa biashara.

Sasa chukua mama mboga wa Kayole. Jioni pesa inaingia kwa simu, alfajiri yote inaenda Marikiti. Akaunti kila asubuhi ni sufuri. Mwenye anajua SQL pekee ataandika: huyu hana kitu. Mwenye anajua mtaa pekee anajua pesa iko hapo kwa meza, imegeuka sukuma, lakini hawezi kuionyesha kwa data. Kampuni inahitaji mtu mmoja mwenye akili zote mbili.

Lakini tangazo la kazi linaanza na digrii. Mimi niliacha chuo, so mtasema najitetea. Sawa. Tupeni, mimi na mwenye digrii, miamala elfu moja, majina yametolewa, na masaa mawili. Halafu kila mtu amweleze mama mboga kwa nini amepewa mkopo ama amenyimwa.

Mwenye ataeleweka, ajiriwe huyo.