Toroli la Gofu la Mzee: Itazameni Betri Kwanza

Familia moja ya Dar es Salaam imetuandikia kutaka ushauri. Baba yao, mstaafu aliyekwisha kuvuka miaka 70, hucheza gofu kila Jumamosi asubuhi, na sasa mgongo umeanza kumkatalia. Watoto wamechanga fedha, na mmoja wao aishiye Muscat amejitolea kuja na toroli la umeme linaloongozwa kwa rimoti, liwe zawadi ya kumshtukiza mzee. Wanauliza wachague lipi.

Kwanza, tunawashauri wasimshtukize. Chombo hiki hununuliwa kwa kipimo cha mwili wa mwenye kukitumia, kama vile viatu. Mfuko wenye fimbo zote 14 zinazoruhusiwa na sheria za mchezo waweza kufika kilo 12 au zaidi, na mchezaji wa mashimo 18 hutembea kilometa 8 na kuendelea. Mzigo huo toroli litaubeba. Lakini ni nani atakayelibeba toroli lenyewe, kulitia na kulitoa katika buti la gari? Ikiwa ni mzee peke yake, basi tutakuwa tumemtua mzigo uwanjani na kumtwika mwingine kwenye maegesho.

Ndiyo maana tunasema itazameni betri kabla ya toroli. Aina zilizoenea ni mbili. Betri ya risasi na tindikali, ya volti 12 na ampea-saa 30 hivi, ina uzito wa kilo 10 kwa makadirio. Ya lithiamu ifanyayo kazi ileile huwa na kilo 2 au 3. Mnunuzi akiona ya lithiamu imeandikwa ampea-saa 16 tu hudhani amepunjwa, na sivyo. Betri ya risasi ikitumiwa kupita nusu ya uwezo wake mara kwa mara hufa mapema, ilhali ya lithiamu hutoa karibu yote iliyo nayo bila kudhurika. Tofauti nyingine mzee aambiwe mapema: ya risasi huchoka polepole, toroli likaanza kujikokota, mtu akajua mwisho u karibu. Ya lithiamu huenda kwa nguvu zilezile hadi dakika ya mwisho, kisha hujizima ghafla, labda katika shimo la 14, mbali na kivuli.

Matunzo yake pia hayafanani. Ya risasi sharti ichajiwe siku ileile ya mchezo. Ikiachwa tupu hadi Jumamosi nyingine, sahani zake huganda chumvi na uwezo haurudi. Ya lithiamu huvumilia kukaa wiki kadhaa ikiwa na chaji ya nusu hivi, ila haipendi joto, basi isilale ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kila moja ina chaja yake, wala zisibadilishane. Na zote zichajiwe penye hewa, mbali na mapazia na magodoro, wakati watu wa nyumbani wako macho.

Iko hatari ya fundi mwenye nia njema atakayesema, "Wekeni betri ya gari, nayo ni volti 12." Asisikilizwe. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikikamuliwa saa nne mfululizo, wiki baada ya wiki, haitamaliza mwaka. Iliyo karibu zaidi na haja ni ile ya sola, iliyotengenezwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Sasa tuje kwa ndugu yetu wa Muscat, maana hapa fedha za familia zaweza kupotea uwanja wa ndege. Mashirika ya ndege hupima betri za lithiamu za abiria kwa wati-saa, nazo hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa. Hadi 100 huchukuliwa mkononi. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika. Zaidi ya 160 hazipandi na abiria, mkononi wala katika sanduku. Betri ya volti 12.8 na ampea-saa 16 inafika 204.8, basi itabaki mezani kwa wakaguzi. Nafuu waliyopewa watumiao viti vya magurudumu haiwahusu wachezaji wa gofu. Alete toroli bila betri, apime kwa rula nafasi ya kuiwekea, apige picha ya soketi, na betri inunuliwe hapa nchini pamoja na chaja yake.

Kuhusu toroli lenyewe hatuna mengi. La rimoti huwa na mota mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma, nalo hukata kona kwa kuzizungusha kwa kasi tofauti. Lijaribiwe kwenye mteremko: je, linajizuia lenyewe au linakimbia? Tena rimoti izimwe likiwa mwendoni, lionekane kama linasimama. Lisilosimama litaishia dimbwini na mfuko wote.

Barua ilimalizia kwa kusema kwamba mzee sasa ataokoa fedha anazomlipa kedi, yule kijana ambebeaye mfuko. Hilo hatuliafiki. Toroli halijui mpira umeangukia kichaka gani, halisomi nyasi zinakolalia karibu na shimo, wala halitamshika mkono mzee akiteleza. Kijana huyo amemzoea, na Jumamosi ndiyo riziki yake. Aendelee kulipwa ujira uleule, ashike rimoti, na kwenye maegesho ndiye anyanyue toroli na betri. Tena kwa mpango huo, ikiwa mchango haukufikia bei ya lithiamu, hata ile ya kilo 10 itafaa, mradi nyumbani pawe na kijana wa kuishusha garini na kuichaji jioni ileile. Kabla hawajalipa chochote, mzee aulize ofisi ya klabu kama matoroli ya umeme yanaruhusiwa msimu wa mvua, nyasi zikiwa zimelowa.