Sonona ya Wazee: Dawa Ina Kazi Yake, Nasi Tuna Yetu

Mzee anapokosa usingizi, akasusa chakula na kujitenga na watu, baadhi yetu husema, "Huo ni uzee tu," na wengine humtuhumu udhaifu wa imani. Kauli zote mbili ni dhulma. Sonona ni maradhi, na maradhi hutibiwa.

Je, dawa zake zawafaa wazee? Uchambuzi wa majaribio 10 ya wagonjwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kuwa katika kila 100 waliomeza dawa, takriban 44 walipata nafuu kubwa. Kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, walikuwa takriban 35. Basi manufaa yapo, ila ni ya kiasi.

Kwa hiyo tusiidharau dawa, wala tusimwachie mzee kidonge peke yake. Dawa hii huhitaji wiki kadhaa. Tena yaweza kupunguza chumvi katika damu au kumfanya aanguke, hivyo daktari amfuatilie. Tuwapeleke wazee wetu hospitali, kisha turudi nao nyumbani tukae nao, tuwasikilize. Hiyo nayo ni sehemu ya wema kwa wazazi.