Mbio za Magari ya Umeme na Vyombo vya Majini

Mmekwisha kujifunza kuwa mota hugeuza nishati ya umeme kuwa mwendo. Mota ndiyo izungushayo pangaboi la nyumbani na mashine ya kusaga nafaka. Sasa tutazame swali ambalo watu hubishana juu yake: je, magari ya umeme yanayoshindana mbio yanaweza kuvifaa vyombo vya majini? Wapo wasemao kuwa mbio ni mchezo tu, hazina faida. Wapo pia wasemao kuwa kila kilifaacho gari kitaifaa boti. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea. Sababu zangu ni hizi.

Mashindano ya magari ya umeme yaitwayo Formula E yalianza mjini Beijing, nchini China, mwezi wa Septemba, 2014. Wakati huo betri ya gari moja haikutosha kumaliza mbio. Dereva alilazimika kusimama katikati ya mashindano, akashuka, akaingia katika gari la pili lenye betri iliyojaa. Hali hiyo ilidumu kwa misimu minne. Msimu wa tano ulipoanza, Desemba 2018, gari jipya lilikuwa na betri yenye nishati karibu mara mbili ya ile ya kwanza, na dereva akamaliza mbio bila kubadili gari.

Hiyo ndiyo faida ya mashindano. Upungufu huonekana mbele ya watu wote, na fundi hana budi kuuondoa. Betri itoapo umeme mwingi kwa haraka hupata joto. Joto likizidi betri huharibika, na huweza hata kuwaka moto. Kwa hiyo mafundi wa mbio wamejifunza kupoza betri, kutengeneza mota nyepesi yenye nguvu nyingi, na kupima umeme unaotumika kila sekunde. Boti huyahitaji mambo hayo matatu sawa na gari.

Lakini maji si barabara. Fanya jaribio hili. Jaza maji katika beseni pana. Nyosha kiganja chako na ukipitishe hewani kwa haraka. Kisha kipitishe vivyo hivyo ndani ya maji. Utaona kuwa maji huukinza mkono kwa nguvu zaidi. Sababu ni kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na lita moja ya hewa ina kama gramu moja tu na kidogo zaidi. Boti husukuma maji hayo mazito safari nzima.

Tena, gari la umeme linapopunguza mwendo, magurudumu huizungusha mota, nayo mota huzalisha umeme na kuurudisha katika betri. Magari ya mbio hupata nishati nyingi kwa njia hiyo. Boti haina bahati hiyo. Mota yake ikizimwa, maji huumeza mwendo mara moja, na umeme unaoweza kurudi ni kidogo mno. Somo hilo la barabarani haliwezi kuhamia majini.

Basi mafundi wa boti wametafuta njia nyingine: kukiinua chombo juu ya maji. Chini ya boti hufungwa mabawa yapitayo ndani ya maji, na mwendo ukiongezeka, mabawa huliinua umbo lote la boti. Jambo hili si geni. Enrico Forlanini alilijaribu katika Ziwa Maggiore, nchini Italia, mwaka 1906. Mwezi wa Februari, 2024, mashindano ya boti za umeme zenye mabawa, yaitwayo E1, yalianza mjini Jeddah, Saudi Arabia. Mmoja wa waanzilishi wake ni Alejandro Agag, yule yule aliyeanzisha Formula E. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, kivuko cha umeme chenye mabawa kilianza kuchukua abiria mjini Stockholm, nchini Sweden.

Hata hivyo tusiyape mashindano sifa isiyo yake. Kivuko cha umeme kiitwacho Ampere kilianza kazi nchini Norway mwaka 2015, miaka tisa kabla ya mbio za Jeddah. Hakikutafuta kasi. Kilivuka umbali wa kama kilomita 6, na kilijazwa umeme kila kilipofika ng'ambo. Kilifaulu kwa sababu waliokitengeneza walijua safari yake ni fupi na ni ile ile kila siku.

Kwa hiyo naona kwamba mbio zitavifaa vyombo vya majini iwapo kipimo cha ushindi kitabadilika. Boti ya mbio hushinda kwa kasi. Mvuvi hahitaji kasi hiyo. Anahitaji kwenda mbali, kubeba nyavu na samaki, na kurudi salama. Kilo moja ya petroli ina nishati zaidi ya mara 30 ya ile iliyomo katika kilo moja ya betri. Mota ya umeme hupoteza nishati kidogo kuliko injini, lakini hilo halitoshi kuliziba pengo lote. Gari likiishiwa umeme, dereva hushuka akasimama barabarani. Mvuvi akiishiwa katikati ya ziwa, upepo ukavuma, maisha yake yamo hatarini. Wavuvi kadhaa wa Ziwa Victoria, nchini Kenya, wamekwisha kuanza kutumia mashine za boti za umeme. Nao wanastahili betri bora kama mshindi wa mbio.

Napendekeza basi kuwe na mashindano ambamo zawadi hupewa boti iliyobeba mzigo mzito, ikaenda mbali zaidi, kwa umeme kidogo zaidi. Hayo ndiyo yatakayomfaa mvuvi.

Maswali
1. Kwa nini betri hupozwa?
2. Kwa nini boti hairudishi umeme mwingi katika betri kama gari?
3. Je, unakubaliana na maoni ya mwandishi? Toa sababu zako.