Mafuta ya Wagonjwa Si Tangazo la Mauti

Imeenea miongoni mwetu Wakatoliki itikadi ya kwamba padre akionekana anaingia nyumbani mwa mgonjwa na kichupa chake cha mafuta, basi tabibu amekwisha kata tamaa na jamaa waanze kuulizana habari za jeneza. Na kwa ajili ya itikadi hiyo, ambayo mimi naihesabu kuwa ni dhuluma, watu humficha padre habari, humrudisha katekista mlangoni kwa maneno ya adabu, hata ifike siku ambayo maradhi yamekwisha mshinda yule maskini, ulimi umefunga, na macho hayatambui tena ni nani aliyeingia.

Ndipo padre huitwa usiku, mbio mbio. Huchovya kidole gumba katika mafuta, akampaka mgonjwa kwenye paji la uso na katika viganja, akimwombea neema na wokovu na kuinuliwa. Na pale alipostahili mgonjwa mwenyewe kuitikia "Amina," huitikia shangazi aliyesimama miguuni pa kitanda. Dhambi zake Mungu humsamehe kwa mpako huo huo, ndivyo Kanisa lifundishavyo; lakini faraja ya kuungama kwa kinywa chake yale yaliyomlemea miaka mingi, hiyo jamaa zake wamemnyima, tena kwa jina la mapenzi.

Wala itikadi hii haina hoja ya kuitegemeza. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anamwagiza mgonjwa mwenyewe awaite wazee wa Kanisa, na asiyeweza kunena hawezi kumwita mtu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulibainisha mwaka 1963 kwamba sakramenti hii si ya wanaokata roho peke yao, bali wakati wake umekwisha wadia pindi muumini aanzapo kuwa katika hatari kwa maradhi au kwa uzee, na Papa Paulo VI aliitengeneza upya ibada yake mwaka 1972 kwa kuifuata hukumu hiyo. Anayekwenda kupasuliwa kwa maradhi mazito hupakwa. Mzee aliyedhoofika hupakwa, ijapokuwa hana ugonjwa wa kutisha. Aliyepona akaugua tena, hupakwa tena. Sakramenti ya kumsindikiza anayefariki ni Ekaristi, Komunyo ya pamba ya njiani, ambayo mgonjwa aliyecheleweshwa aghalabu hawezi hata kuimeza.

Huambiwa kwamba mgonjwa akimwona padre atashtuka. Angeshtukaje, lau tangu utoto wake angalikuwa akiwaona waliopakwa wakirudi shambani? Hakupata kuwaona, maana sisi wenyewe, kwa kumngojea kila mmoja hadi saa yake ya mwisho, tumefanya kila apakwaye azikwe.

Na mapadre nao wana sehemu yao katika lawama hii. Siku ya Wagonjwa Duniani, tarehe 11 Februari, nataka kila parokia iwapake hadharani, katikati ya Misa, wote wenye maradhi mazito, waliobebwa pamoja na waliokuja kwa miguu yao, na watoto wasitolewe nje.